Kinu cha Kariobangi

Mota niliing'oa kwenye mashine ya kufulia
iliyokufa na maji tumboni; Gikomba, mia nane.
Mkanda wa cherehani. Ekseli ya baiskeli.
Ubao ulioandikwa bado USIEGEMEE.

Kioo kikazunguka juu ya kioo,
unga wa msasa kati yao ukilia
kama mtu anayesaga meno usingizini.

Bosibori wa chumba cha pili akaja na karai:
"Unasaga usiku kucha. Nisagie nami kilo mbili."
Nikamwonyesha tope la kijivu.
"Huu ndio unga?"
"Huo ni wa kutupa. Ninachotafuta ni shimo."
Akaguna. Hakuondoka.

Wiki ya sita, kioo kimeng'aa, stima ikapotea.
Nikawasha tochi, nikasimamisha wembe kwenye njia ya mwanga,
nikamwita achungulie.
"Sasa kiguse."

Akabonyeza kidole gumba, akahesabu hadi kumi,
akarudi kwenye wembe:
pale alipogusa pameota kilima
ambacho hakuna rula Nairobi nzima ingekipima.
Joto lake tu.

Tukakitazama kikishuka, polepole,
mkono wake ameuficha nyuma
kama mtoto aliyevunja kikombe cha wageni.