Matanga ya Siku Nne

Jumanne asubuhi duka likatangaza kifo chake.
Ukurasa mweusi, mshumaa uliochorwa vibaya,
na maneno: Tumefunga. Asanteni kwa miaka sita.
Hakuna sababu, hakuna nambari ya kupiga,
hata dirisha la malalamiko limezibwa.

Hapa Mbale kifo hutangazwa redioni, saa moja jioni:
jina la marehemu, la baba yake, la kijiji,
na barabara itakayopita gari la maiti.
Saa ile hakuna anayetania.
Hata walevi wa Namakwekwe hushusha sauti.
Basi tukaamini.
Kwa nini tusiamini?

Wandeba, kinyozi wa Barabara ya Naboa,
alikuwa na michezo arobaini na mmoja,
kila mmoja kaununua kwa vichwa vya watu.
Akaihesabu kwa sauti, mkasi mkononi,
kama anayehesabu ng'ombe baada ya wezi kupita,
na mteja kitini nusu kanyolewa.

Nambozo wa duka la mbolea akauza jogoo
apate bando la kupakua alivyolipia
kabla mlango haujakomewa.
Umeme ukakatika kwenye asilimia tisini na tatu.

Mwalimu Wepukhulu akatuma barua pepe tatu, za heshima,
zikarudi kama mbuzi waliofukuzwa shambani.

Mimi nilikuwa na mchezo mmoja tu.
Shamba.
Nalilima na dada yangu Khainza, aliyeko Maskati
akifua nguo za watu ambao humfungia simu yake kabatini,
wakampa nusu saa usiku, siku wakipenda.
Nusu saa haitoshi kusema. Inatosha kupanda.
Tulikubaliana kabla hajaondoka:
alizeti, niko mzima.
Mahindi, mshahara umeingia.
Vitunguu tuliviweka kwa mzaha tu,
tukicheka jikoni, malewa yakichemka:
vitunguu, nimelia.

Jumanne hakuna shamba.
Jumatano nikagusa ile ikoni mpaka kidole kikapata joto.
Alhamisi mvua ilishuka Wanale
na mimi nikawaza habari za kumwagilia.

Ijumaa jioni, tarumbeta!
Karatasi za rangi zikimiminika kwenye kioo:
MSHANGAO! Hatujafa! Tumebadili sura tu!
Punguzo la asilimia thelathini kwa wote waliotulilia!

Wanafunzi wa Nkoma walicheka.
Ujanja wa biashara, wakasema, mbona mnanuna?
Labda wana haki; wao hawakuuza kitu.
Wandeba hakucheka.
Mtu akijizika ili ajue nani atalia,
alisema akipuliza nywele kwenye mashine,
siku ya kufa kweli atachimbiwa na nani?
Nambozo aliwaandikia mstari mmoja:
Punguzo lenu haliwiki alfajiri.

Wakajibu, wakati huu upesi:
Tunaomba radhi kama kuna aliyeumia.
Kama.
Neno dogo hilo, limebebeshwa mzigo wote
kama punda wa kuazima.

Nikafungua shamba.
Mimea ya siku nne bila maji, kahawia, imelala.
Getini wameniwekea zawadi:
kofia ya sherehe, haiuziki, haivuliki.
Nikakaa nayo kichwani katikati ya ukame wangu,
nikangoja saa tano, saa sita.
Nilitaka kumwandikia kwamba sikuondoka,
lakini kwa hilo hatukuwa tumechagua mmea.
Usingizi ukanichukua.

Asubuhi nikakuta, toka kisimani mpaka uani,
safu ndefu, iliyonyooka, ya vitunguu.

Juu yake kijisanduku kinanizuia njia:
Je, umefurahia mshangao wetu? Tupe nyota.

Nikakisogeza pembeni.
Nikachukua ndoo.