Safu ya Nne

Mjukuu alipoota jino la kwanza
Timappa alijitazama kiooni, akahesabu mvi,
akasema: Bhagirathi, zamu ya msitu imefika.
Ndivyo walivyopanga wahenga wake:
utotoni usome, kisha ujenge nyumba na kuilisha,
ukimwona mwana wa mwanao ushike njia ya mwituni,
na mwisho uuache hata moto wa kupikia,
uende mikono mitupu kama ulivyozaliwa.

Msitu upi? nikamuuliza.
Ule wa nyuma ya ghala la popoo
una seng'enge na kibao cha serikali,
kila mti umepigwa namba kwa rangi nyeupe.
Hakunijibu. Alikuwa akitafuta ndara zake.

Karani wa ushirika miaka thelathini na sita,
hata uhai wake aliutia daftarini:
safu ya wajibu, safu ya mali,
safu ya matamanio, na ya nne, ukombozi.
Alipoondoka na basi la saa moja,
blanketi begani, kopo la samli mkononi,
nikalifungua. Kwani nini?
Nimetumbua hata majipu ya mama yake.

Wajibu: kurasa arobaini.
Karo. Harusi za dada watatu. Wali wa kumbukumbu ya baba.
Mali: magunia ya popoo, bati za paa,
ng'ombe aliyekufa deni lake likiwa hai.
Matamanio: mstari mmoja tu,
na tarehe ya mwaka tuliooana.
*Mvua. Mwavuli mmoja. B. alicheka.*

Nikakaa chini jikoni.
Wali ukaungua.

Safu ya nne ilikuwa tupu.

Na mimi, nani alinichorea safu?
Mwalimu wangu alikuwa mama mkwe,
na somo lilikuwa moshi.
Maandiko yanasema mume akienda mwituni
mke aweza kuchukuliwa, au kuachiwa wanawe,
kama ule mwavuli.

Basi nikalifungua fungu la funguo kiunoni,
kumi na saba: ghala, sanduku la dhahabu, kabati la achari,
nikamwendea Vasudha akinyonyesha,
nikazifunga kwenye upindo wa sari yake.
Mama, akashtuka, unakwenda wapi?
Siendi popote.
Kiuno kilikuwa chepesi hata nikaogopa.
Nikauzunguka ua mara mbili
nisisikike.

Taa zilipowashwa, Timappa huyo mlangoni.
Magoti, akasema. Nimesahau mafuta ya magoti.
Mlinzi wa msitu alimpa chai
akamwonyesha kituo cha basi.
Nikamkanda miguu, sikumcheka.
Sana.

Usiku akalifunua daftari,
akakuta katika safu ya nne mwandiko usio wake,
herufi za mtu aliyejifunza kuandika
kwa kalamu zilizosahauliwa na watoto:
*Funguo kumi na saba. Zimekabidhiwa.*

Akapandisha utambi wa taa.
Akasoma tena.