Jumamosi, Kwihara

Mwenye ufunguo kaenda msibani Itetemia,
basi tembe tukalizunguka kwa nje,
mimi, Nyamizi, na kijana wa bodaboda
aliyegoma kuondoka bila nauli ya kurudi.

Bango linamtaja mgeni aliyelala humu.
Aliyekanda udongo halimtaji.

Nyamizi, miaka saba, hana habari na bango.
Kaona ukutani, chini ya dirisha,
alama za vidole vitatu
zilizokaukia palepale.
Akachomeka vyake. Vikaenea.

"Shangazi, kumbe alikuwa mtoto!"

Kijana wa bodaboda akazima injini.

Jumapili tulipanga kwenda kulitazama boma la Mjerumani.
Hatukwenda.
Tulishinda uani, Cheyo, matope hadi viwikoni:
jiko la bibi lilikuwa na ufa,
na Nyamizi alikataa katakata
tusilainishe alama zake.