Kijia cha Tatu

Bloku la Pijo limelala chali mezani,
wazi, kama mgonjwa aliyezoea madaktari.
Nimeliosha kwa dizeli mara mbili,
mara ya tatu kwa maji moto na sabuni ya unga,
maji ya kununua, dumu mia tano,
maana bomba letu la Kizota linakohoa hewa tangu alfajiri.

Kwa nje linang'aa. Mpita njia angesema: funga.
Hata mimi, miaka ishirini na miwili iliyopita,
nilisema hivyo hivyo: funga.

Lakini ndani ya chuma kuna vijia,
vilitobolewa kiwandani kwa keekee ndefu,
kisha midomo yake ikazibwa.
Vinapita gizani, vinakatana,
kutoka pampu hadi shingo za kranki,
kutoka shingo hadi juu kwenye roka,
vyembamba kuliko penseli,
na oili hupita humo bila shahidi.

Kizibo cha kwanza kilitoka na tope jeusi
la kuvutika, kama mlenda wa juzi.
Nasukuma brashi ya kusafishia bunduki
niliyoachiwa na Mbijima, askari wa wanyamapori;
inapogoma, naingiza spoku ya baiskeli.
Kisha petroli kwa bomba la sindano,
kisha upepo wa kompresa,
na Nyemo, kijana wangu, ameziba matundu kwa vidole
kama mpiga filimbi aliyesahau wimbo.
"Hapa upepo upo?" "Upo."
"Hapa?" "Upo."
"Kijia cha tatu?"
Akalamba kidole, akakirudisha.
"Fundi, hapa hakuna."

Julai, vumbi la Dodoma halipigi hodi.
Tumelifunika bloku kwa kanga ya mke wangu,
nusu ya maandishi yake yametumbukia kwenye silinda.
Tuliloweka, tulipuliza, tulikula ugali tumesimama.
Jioni, kwenye ncha ya spoku, kitu kikatoka:
si tope, si chenga ya chuma.
Mnyoo wa silikoni, wa buluu,
urefu wa punje mbili za mchele.

Naijua buluu hiyo.
Mtaa mzima, mwaka ule, ni mimi tu niliyekuwa nayo,
tyubu moja, shemeji aliniletea kwa treni.
Niliipaka kwa majivuno, nene,
kama mtoto aliyeachiwa kopo la siagi.
Iliyozidi nje niliifuta kwa kidole.
Iliyozidi ndani sikuiuliza inakwenda wapi.

Mwalimu Chilewa alifika nayo kilima cha Saranda.
Ikanoki.
Akarudi juu ya lori la vitunguu, kofia mkononi,
akaniamkia "Mbukwa" kabla ya kulalamika.
Nami, spana mfukoni, nikamjibu:
"Mwalimu, oili uliyoongeza Bahi ilikuwa feki."
Akakubali.
Watu wa chaki huwaamini wenye grisi.
Aliiegesha Pijo kando ya shamba la zabibu,
akaenda shuleni kwa miguu mpaka alipostaafu,
mpaka alipozikwa.

Sasa binti yake, Sechelela, amelipia kila kitu.
Kranki imerudi kutoka kwa mchongaji,
beringi mpya bado zimo kwenye karatasi yake ya nta.
Alinichagua mimi
kwa kuwa baba yake hakuwahi kunisema vibaya.

Namulika tochi upande mmoja wa kijia cha tatu,
naweka jicho upande wa pili:
nyota moja, ndogo, kali.
"Tufunge?" Nyemo anauliza.

Mnyoo nimeuweka juu ya kifuniko cha kopo la grisi,
katikati ya benchi, mgeni asiweze kutouona.
Nafuta mikono. Nafuta tena.
Simu inaita, inaita.
"Sechelela, mbukwa. Hapana, gari bado.
Njoo kesho, kabla sijafunga.
Kuna kitu changu nilikisahau humu ndani."