Ulimi wa Mizani

Kila mwaka, mwezi wa tatu, naipeleka mizani yangu
kwa Bwana Kilongola wa vipimo, pale Temeke.
Anapanga mawe yake ya shaba, la gramu hamsini, la mia,
anainama hadi kope zinakaribia kuugusa ulimi,
anasubiri utulie.
Kisha anagonga muhuri. Nalipa, nachukua risiti, narudi Mbagala.
"Mizani hii haina shemeji," husema.
Ningempimia hata mama yangu kwayo,
na mama, namjua, angepima tena.

Nauza iliki. Na karafuu, na mdalasini, na bizari nzima,
lakini iliki ndiyo iliyomfikisha Shukrani kidato cha nne.
Ni yeye aliyenifungulia duka kwenye simu.
"Mama, sasa hata watu wa Mbezi Beach watakuona."
Wakaniona. Miezi minne waliniona.
Nilikaa sakafuni na vifuko mpaka saa sita usiku,
feni ikipeperusha maganda,
nyumba nzima ikinukia kama harusi ya mtu mwingine.

Halafu makato, yaliyokuwa kumi kwa mia, yakawa kumi na nane.
Taarifa ilikuja usiku, na kitufe kimoja tu: NIMEKUBALI.
Nilikitafuta cha pili.
Shukrani naye akakitafuta.

Halafu nyota moja, kutoka kwa mtu aitwaye Mteja:
"Iliki nzuri sana ila imechelewa."
Pikipiki ni yao, kofia ni yao,
kijana wao alipotelea Goba siku mbili na mzigo,
nyota ni yangu.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza:
tumekua na maneno hayo.
Huku kizuri hulipiwa ili kionekane,
elfu tatu kwa siku, na ukiacha kulipa
unashuka, unashuka,
hadi kule ambako kidole cha mtu hakifiki.

Siku moja nikatafuta "iliki", kama mnunuzi.
Wa kwanza kabisa: mwenye soko mwenyewe.
Kifuko kama changu, utepe wa kijani kama wangu,
bei pungufu kwa shilingi mia tano.
Nani alimwambia ni kifuko kipi kinatoka haraka,
na nani hununua Alhamisi kwa ajili ya pilau ya Ijumaa,
kama si daftari langu,
ambalo siku zote limeshikwa na yeye?

Nikalalamika. Akanijibu Neema, sekunde ile ile,
saa nane usiku. Neema hanywi chai,
hana mtoto mwenye homa, hajawahi kupiga mwayo.
"Tunathamini biashara yako."
Nikamwuliza, dada, kwani wewe unakaa wapi?
"Tunathamini biashara yako."

Mwaka huu nilikwenda Temeke na mizani mbili.
Ya kwanza Kilongola akaigongea.
Ya pili nikaitoa kwenye pochi, nikamwekea mezani,
kioo kimepasuka pembeni.
"Na hii?"
Akavaa miwani. Akaigeuza, akaigeuza tena,
kama mtu anayekagua samaki wa jana.
"Ulimi wake uko wapi?"
Ndilo nililokuja kuuliza.
Alicheka kidogo, halafu akaacha kucheka,
akachukua jiwe moja akalifuta kwa pindo la shati,
na jiwe halikuwa na vumbi.
"Mimi nina mawe tu, Bi Siwatu."

Sijalifunga duka. Niseme ukweli, ada ya Shukrani ni Julai.
Ila usiku, nikifunga vifuko, natia kikaratasi
chini kabisa, iliki zikifunike.
Kanuni yao ya kumi na nne inakataza.
Nakiandika kwa mkono, kimoja kimoja:

Siwatu, Mbagala Kizuiani, mlango wa bluu.
Gramu mia.
Ukiwa na shaka, njoo upime.