Faini

Mgeni alionja achari ya Mama Mbeyu,
akafumba jicho moja, akasema: «Faini!»
Mama akadaka beseni, akauruka mtaro wa Maweni.
Leseni yake ya kaunti ilikwisha mwezi wa sita
na ameshatozwa mara mbili.

Nikamfuata mbio.
Mama, kwao neno hilo ni sifa.
Ni uzima. Ni kutwa isiyo wingu.
Ni uzi mwembamba wa kudarizia kofia.
«Na zile elfu mbili za askari?»
Pia.
Akatema mate. «Lugha gani hii,
shukurani na kisago mdomo mmoja?»

Jumatatu, korti ya Malindi, karani kamjulia hali.
Mama akafungua pindo la leso,
akazihesabu noti, zanukia bizari.
«Faini,» akajibu.