Sakafu Iliyoinama

Fundi aling'oa ubao wa tatu karibu na jiko
akaniita: "Bibi Irmhild, njoo uone hazina."
Nikadhani panya. Nikadhani, Mungu nisamehe, fedha.
Zilikuwa gololi.
Kumi na moja za udongo, zimepauka kama njegere kavu,
na moja ya kioo.

Nilikaa chini pale pale, na magoti yangu haya
yanayolia kama bawaba.

Kijijini kwetu, juu huku Thuringia, kila tanuri lilikuwa la kioo.
Baba alipuliza tangu alfajiri, mashavu yamemvimba:
mapambo ya Krismasi ya watu wa mbali,
chupa za dawa, ndege wenye mikia ya nyuzi,
na gololi, maelfu, zikipoa taratibu.
Sisi tulichezea za udongo.
Mfinyanzi hulia gaeni; hilo haelezwi
mtoto aliyewahi kuhesabu kazi ya baba yake
ikifungwa masandukuni, ikipanda treni.

Shimo tulilichimba kwa kisigino, nyuma ya shule,
theluji ikishaondoka na ardhi ingali laini.
Kidole gumba nyuma ya cha shahada,
pumzi umeifungia kifuani, jicho moja umelifumba,
ta!
Aliyegonga anachukua. Aliyekosa anameza mate.
Mikono ilipopasuka kwa baridi tuliipaka mafuta ya bata bukini,
ikateleza, tukaliwa zaidi.

Ile ya kioo Baba alinipa nilipopona homa ya mapafu.
Ilikuwa na kasoro, kipovu cha hewa kando ya utepe mwekundu;
mkaguzi asingeipitisha.
Nililala nayo shavuni.

Na Jumapili moja ya Machi ikatoweka.
Gundolf alikuwa amekuja kucheza, hapa, kwenye sakafu hii,
maana nje ilinyesha mvua ya barafu.
Alipokwenda zake nilihesabu. Nikahesabu tena.
Jumatatu, mbele ya darasa zima, nikasema neno moja.
Mwizi.
Mwalimu akampekua mifuko: kamba, ganda la mkate,
gololi nne za udongo, zake mwenyewe.
Hakulia. Masikio tu ndiyo yaliyogeuka,
yakawa mekundu kama kioo kilicho motoni.

Baadaye alirithi duka la mikate la mjomba wake.
Miaka arobaini na mitatu ananiuzia mkate mweusi,
"habari ya asubuhi", chenji juu ya kaunta,
si mkononi mwangu. Kamwe si mkononi.
Nami nikajisemea, miaka yote hiyo: aibu ya mwizi.

Leo fundi ameweka pimamaji sakafuni
na kipovu kikakimbilia upande wa dirisha.
"Nyumba hii imeinama, Bibi. Tangu enzi.
Kila kinachoviringika humu huishia kwenye ule ufa."
Nikachukua moja ya udongo, nikaiweka chini ya dirisha,
nikaiachia.
Ilianza yenyewe, bila haraka,
kama mtu anayekwenda kwao na njia anaijua.

Sikumwambia fundi kitu. Nilimpa kahawa.
Aliniuliza kama moshi umeniingia machoni,
na jiko lenyewe halijawashwa tangu juzi.

Usiku huu ile ya kioo nimeiosha kwa siki.
Kipovu kipo. Utepe upo.
Kidole gumba hakikunjiki tena; nilijaribu,
ikadondoka tu miguuni kwa paka,
naye akanitazama kwa huruma.

Nimeitia kwenye kipochi cha sarafu.
Duka linafunguliwa saa moja.
Nitaomba mkate, nitamwaga sarafu zote, desturi ya wazee,
nimwache azichague mwenyewe, moja moja.
Sijui nitasema nini. Labda bei tu.
Kaunta yake haijainama.
Haitakimbia.